Mgonjwa Aliyemchagua Zuhura

Ninyi mnaotoka chuoni sasa mmefundishwa kunawa mikono, kuvaa glovu na kuandika kwenye faili maneno yanayosomeka. Wivu hamkufundishwa. Hata mimi sikufundishwa, nikaupata kazini kama wenzangu walivyopata maumivu ya mgongo. Nawaandikia habari zake kwa sababu najua na ninyi utawapata, na ni afadhali muwe mmeshazisikia kwa mtu aliyeishi nao.

Mimi ni Getruda, muuguzi mkunga mstaafu. Nilianzia zahanati moja kule Nassa, nikazungushwa wilaya hii na ile, nikamalizia kwenye kliniki ya akina mama hapa Bariadi. Nimewaonea wivu watu wengi. Nilimwonea wivu mwenzangu aliyepelekwa semina Dodoma mimi nikabaki na zamu yake. Nimewaonea wivu hata ninyi, mnaokuta spekulamu za plastiki zimefungwa safi kwenye pakiti. Sisi kile chombo chenye midomo miwili, cha kuangalia ndani ya uke mpaka kwenye mlango wa kizazi, kilikuwa cha chuma, na tulikichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa huku foleni inanung'unika nje. Wivu wa namna hiyo huja na kupita. Uliokaa ni mmoja tu. Hata leo nikiwa nyumbani kwangu, nachambua mchele, unaweza kunijia nikaacha ungo nikaukodolea macho ukuta. Ni ule niliomwonea Sista Zuhura.

Zuhura alikuja kwa uhamisho kutoka Tanga. Sisi huku Kiswahili tunakisema kama tunavyolima, moja kwa moja mpaka mwisho wa tuta. Yeye akikwambia pole, unajisikia umepoa kweli. Wagonjwa walipenda hata kumsikia akiwaita majina. Nikajiambia ni ugeni, watamzoea. Hawakumzoea, au tuseme walimzoea vibaya, kwa sababu walianza kumngoja.

Mimi kazi nilifundishwa na Sista Anastazia, Mungu amrehemu, mwanamke mwenye mikono kama ya mwashi na huruma ambayo haikuonekana usoni. Aliniambia uchunguzi wa mama ni kazi ya haraka: ingiza, angalia, toa, maana kila unavyokawia unamtesa. Nikawa na haraka, na nikajivunia haraka hiyo. Zuhura alikuwa polepole kama mtu anayesuka ukili. Alikitia chombo kwenye maji ya uvuguvugu, akamgusisha mama pajani kwanza ajue joto lake, kisha, jambo lililonifanya nicheke siku ya kwanza, akampa mwenyewe mkononi. Alimwambia, kiweke wewe mama, njia ni yako. Na wanawake wakakiweka, bila kelele, bila kukaza mapaja. Niliacha kucheka pale nilipoanza kusikia kwenye benchi, kila asubuhi, swali lile lile: yule wa Tanga yupo? Nikijibu kwamba yupo lakini mimi ndiye niliye huru sasa hivi, walisema watasubiri.

Siku moja alikuja bibi kutoka Bukundi, amepanda basi tangu alfajiri, kwa uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Mnajua tunapaka siki, tunangoja, tunaangalia kama kuna pahali pamegeuka peupe. Nilipofungua chupa, harufu ikajaa chumba. Bibi akaniuliza kwa Kisukuma kama huko chini tunamtengenezea kachumbari. Nilicheka mpaka taa ikanitoka mkononi. Nikamaliza kazi, salama, bila kumwumiza. Alipokuwa anajifunga kanga yake akamshika Zuhura mkono akamwambia wabeja sana, umenitendea vyema. Zuhura alikuwa amesimama tu upande wa kichwa chake. Kazi nimefanya mimi, kachumbari nimepika mimi, shukrani kachukua yeye.

Sasa niwaambie habari ya mgonjwa mwenyewe. Ameniruhusu kusimulia. Nimembadilishia jina na mambo mengine yatakayomtambulisha, ila jina nililompa ni la aina ile ile: Shija. Kwetu Shija ni mtoto anayezaliwa akifuata mapacha, awe wa kike au wa kiume.

Ilikuwa msimu wa pamba, malori yamejaa mjini. Benchi letu lilikuwa limejaa kanga na watoto wachanga, na katikati yake ameketi mwanaume. Wanaume wanaosindikiza wake zao huwa hawaketi pale, husimama getini kwenye pikipiki wakijifanya wanaongea na simu. Huyu alikuwa ameketi, ndevu zimekatwa vizuri, amevaa ovaroli ya kiwanda cha kuchambulia pamba, nyuzi nyeupe zimemganda kwenye nywele. Pembeni yake alikuwa mkewe, Kabula, dada mfupi mwenye macho makali. Zamu yao ilipofika nikamwita mama aingie. Wakasimama wote wawili. Nikamwambia baba asubiri nje.

Kabula akanisogelea mpaka kanga yake ikagusa aproni yangu. "Sista," akasema kwa sauti ya chini, "mgonjwa ni yeye."

Nikadhani wamepotea. Nikawaelekeza upande wa wanaume, ng'ambo ya maabara. Yule mwanaume akatikisa kichwa. Nikamsalimu Kisukuma, mwangaluka, labda Kiswahili changu hakukielewa vizuri, naye akaitikia kwa mkokoto ule wa kuvuta maneno wa watu wa kando ya ziwa. Akasema wamefika penyewe. Alipofungua mdomo nikaona mwanya kati ya meno ya mbele. Halafu akatazama juu ya bega langu, ndani ya chumba, alipokuwa Zuhura anajaribu maji kwa kiwiko, akauliza kama anaweza kuonwa na yule.

Mwanya ule niliujua. Mkokoto ule niliujua. Kabula alipotaja jina la kuandika kwenye kadi, nikajua na vilivyobaki. Mama yake nilimjua tangu nilipokuwa binti niliyemaliza mafunzo, pale Nassa. Watu humwita Mama Kulwa, kwa pacha wake wa kwanza. Mapacha sikuwapokea mimi. Aliyewafuata nilimpokea mimi, mchana, mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani. Nikamwinua nikamwambia mama yake kwa kupaza sauti: wa kike.

Nilijua pia, kama watu wote wa Nassa walivyojua, kwamba Shija alikua akikataa kuitwa binti, kwamba aligombana na baba yake akaondoka, kwamba alikwenda nje ya nchi kufanya kazi ya mashine, na kwamba baba alikufa bila wao kuonana. Kilichofuata hakuna aliyekijua. Sasa kilikuwa kimesimama mbele yangu na ndevu zake, na hakikunitaka mimi. Nilijiuliza kama alinitambua. Baadaye nilikuja kujua kwamba alinitambua kabla sijamtambua yeye, na ndiyo maana macho yake yalipita juu ya bega langu.

Zuhura akawaingiza, akavuta pazia. Mimi nikaendelea kuita wengine kwenye chumba cha pili. Lakini masikio yangu yalibaki kule. Nilisikia akiuliza, anasubiri, anauliza tena. Halafu, vijana wangu, nikasikia mtu anacheka. Mwanaume, kwenye kitanda chetu, anacheka. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kucheka mikononi mwangu isipokuwa mimi mwenyewe.

Akatoka Zuhura akaja kuniomba spekulamu yangu ndogo. Nilikuwa nayo moja, nyembamba, niliyorithi kwa Sista Anastazia, nikiitumia kwa mabibi ambao njia imekauka na kusinyaa. Nikampa. Sikumpa kwa moyo, lakini nilimpa, na nilipokuwa nampa nikamwuliza ni tatizo gani. Akanijibu, "Dada Getruda, ya huyo ni ya huyo." Akarudi nyuma ya pazia.

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniunguza. Angekosea ningekuwa na la kusema.

Shija alikuja tena, na tena. Kila akija Kabula alitangulia kuangalia ni nani yupo mlangoni, akiniona mimi anauliza kama Sista Zuhura ametoka. Nikawa nahesabu vicheko. Nikawa najiuliza ni kitu gani Zuhura anakijua ambacho mimi sikijui. Nilidhani labda Tanga aliwahi kuwaona wagonjwa wa namna hiyo. Nilipomwuliza siku nyingine, bila kutaja mtu, akaniambia hajawahi. Nikamwuliza basi unajuaje la kufanya. Akasema huwa anauliza: unapaitaje hapa, panauma wapi, tufanyeje ili usiumie. Basi. Ningependa angekuwa na cheti cha kozi fulani. Cheti ningeweza kukitafuta.

Kisha Mama Kulwa akaja nyumbani kwangu. Alikuwa amekuja Bariadi kwa shughuli za ushirika wa pamba, akapita kunisalimu kama alivyozoea. Tuliketi sebuleni, nikampa chai na viazi. Alikuwa amekonda. Akaniambia kuna kijana wa Nassa aliyekuja kuuza pamba, amemwambia kwamba Shija amerudi, yupo kiwandani hapa Bariadi, ameoa, na ni mgonjwa, ameonekana akiingia kliniki yenu. Akaweka kikombe chini.

"Getruda," akasema, "mtoto wangu anakuja kwako?"

Swali lilikuwa na mlango wa kupitia, kama mnapenda kuchezea maneno. Kwangu hakuja, alikuja kwa Zuhura. Sikupita mlango huo. Nikamwambia kwamba hata angekuwa ni rais wa nchi anakuja kliniki kwetu, nisingeweza kumwambia mtu, na kwamba akiniuliza juu ya mtu mwingine yeyote nitamjibu hivyo hivyo.  Nikaongeza kwamba nikikutana na Shija popote, sokoni au barabarani, nitampa salamu za mama yake. Akasema basi, mwambie tu kwamba kile chumba cha baba yake nimekifagia. Akamaliza chai yake akaondoka, na kwa namna alivyofunga kanga nilijua amejua kwamba nimejua.

Siku hiyo nilimwonea Zuhura wivu kuliko siku zote. Yeye alikuwa na siri peke yake, imelala salama mikononi mwake kama mtoto aliyeshiba. Mimi nilikuwa na siri ile ile, hakuna aliyenikabidhi, na ilikuwa inanila urafiki wa maisha yangu. Alipewa bila kuomba. Mimi niliibeba bila kupewa.

Msielewe vibaya uzito wake. Huku kwetu mtu wa namna ya Shija akijulikana, maneno hayaishii kwenye maneno. Angeweza kufukuzwa kiwandani, angeweza kupigwa, ndugu wa Kabula wangeweza kuja kumchukua dada yao. Mdomo mmoja tu unatosha, na mdomo wa muuguzi watu huuamini.

Zuhura akapigiwa simu kwamba mama yake amezidiwa, akaomba ruhusa akaenda Tanga. Haukupita muda Kabula akaja amemshika mumewe kiunoni, Shija amejikunja, jasho linamtoka, uso umekuwa rangi ya majivu. Ilikuwa katikati ya asubuhi, benchi limejaa. Kabula akaangalia ndani, akaniona mimi peke yangu. Akauliza. Nikamwambia Sista Zuhura yuko Tanga.

Shija akageuka aondoke. Kweli kabisa, mtu anayeshindwa kunyooka aligeuka ashuke ngazi za veranda. Kabula akasimama mbele yake akamzuia kwa viganja viwili kifuani. 

Nikawaingiza chumba cha pili, nikafunga mlango. Nikazungumza Kisukuma, maana yako mambo ambayo Kiswahili huyafanya yaonekane ya ofisini. Nikamwambia namjua tangu siku ya kwanza alipoitikia salamu. Nikamwambia Zuhura hajaniambia lolote wala hajui kama najua. Nikamwambia mama yake alikuja nyumbani kwangu, akaniuliza, na sikumjibu.

 Pumzi za Shija zilikuwa fupi fupi. Kisha akasema, "Wewe ndiye uliyenitangaza."

"Ndiyo," nikamwambia. "Nilitangaza nilichokiona. Leo niambie wewe."

Akamtazama Kabula. Kabula akaitikia kwa kichwa. Akapanda kitandani, lakini akatoa sharti: Sista Zuhura awe kwenye simu. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Simu ya Kabula ikawekwa kwenye trei kati ya pamba na jeli, spika imefunguliwa, na sauti ya Zuhura kutoka Tanga ikawa inanielekeza ndani ya chumba changu mwenyewe, juu ya mgonjwa niliyempokea kwa mikono hii. Jamani. 

Shija akaeleza mwenyewe, kidogo kidogo. Huko nje alifanyiwa upasuaji wa sehemu za siri akapata maumbile ya kiume. Mfuko wa uzazi na njia ya chini hawakuviondoa siku ile, vilipangwa kwa upasuaji wa pili. Mkataba wake wa kazi ukaisha, akarudi nyumbani kabla ya huo wa pili. Kwa kuwa alikuwa anatumia sindano za homoni za kiume, damu ya mwezi ilikuwa imekoma, akasahau kama ipo. Huku sindano zikawa hazipatikani, akakaa bila, na damu ikarudi. Lakini kovu la upasuaji lilikuwa limebana njia. Damu ikawa inatoka kwa matone, nyingine inabaki ndani, na kila mwezi maumivu yanaongezeka. Zuhura alikuwa amemwanzishia krimu ya kulainisha ngozi ya ndani na alikuwa anamtafutia daktari wa Mwanza. Kabla hajafanikiwa, njia ilikuwa imeziba kabisa.

Hapa nisikilizeni kwa makini, maana mtakutana naye, siyo Shija, mwingine. Mtu akiwa na ndevu haimaanishi hana mlango wa kizazi. Kama umebaki, unahitaji kuangaliwa kama wa mtu mwingine yeyote. Homoni zile hukausha ngozi ya ndani, inachubuka haraka, kwa hiyo chombo kiwe kidogo kabisa, jeli isiyo na mafuta, na subira. Mkojo ukigoma, usilazimishe mpira wa kutolea mkojo. Njia ya mkojo wamemtengenezea upya, ni ndefu na ina makovu, mwite anayejua. Usiseme uke kama yeye hasemi uke. Uliza anapaitaje, paite hivyo. Shija alipaita mlango wa nyuma ya nyumba, na nilipopaita hivyo mara ya kwanza, kwa kujikaza, akacheka katikati ya maumivu yake. Zuhura akasikia kwenye simu akacheka naye. Sasa nilikuwa nimepata kicheko changu, na bado ilinibidi nigawane naye.

Usiulize pia yasiyohusu ugonjwa. Nilikuwa na maswali mengi, ya umbea mtupu, kuhusu maumbile yale na yanafanyaje kazi. Niliyameza yote. Wanafunzi wawili wa uuguzi waliokuwa mazoezini wakagonga, wamesikia kuna kesi, wanataka kujifunza. Nikawaambia leo darasa ni kukaa nje na kuhakikisha hakuna anayegonga tena.

Nikampa Shija ile spekulamu ndogo mkononi, kama Zuhura alivyofanya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkabidhi mgonjwa chombo. Mikono yangu ilibaki hewani, haina kazi, nikaiona ilivyo mikubwa. Akaingiza kidogo akakomea hapo, akasema hapa ndipo ukuta. Zuhura akasema kwenye simu kovu liko upande wa kushoto, usilisukume. Nikamulika nikaona ngozi imenyooka imefunga, nyuma yake pamevimba, rangi ya zambarau. Nikamwambia inatosha, toa. Nikamfuata daktari wetu, kijana mtulivu aliyetoka Mbeya. Nikamweleza mlangoni kwa maneno machache, kwamba mgonjwa ni mwanaume, ana mfuko wa uzazi, umejaa damu, na hataki watu. Daktari akaniuliza swali moja tu, kama amekula asubuhi. Halafu akaja.

Akampima kwa altrasaundi, akamwonyesha mwenyewe kwenye kioo jinsi damu ilivyojaa, akamwambia atamchoma dawa ya ganzi afungue pale palipobana. Kabula alishika kichwa cha mumewe. Mimi nilishika taa. Kovu lilipofunguka ikatoka damu ya zamani, nyeusi, nzito kama lami, na Shija akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia miezi mingi. Uso wake ukaanza kurudiwa na rangi. Zuhura akauliza kwenye simu, imetoka? Nikamwambia imetoka. Akasema alhamdulillah, dada, una mikono mizuri.  Nilikuwa nimefurahi, na nilikuwa nimekasirika kwamba nimefurahi.

Alipokuwa amelala akipumzika nikampa Shija salamu za mama yake, kama nilivyoahidi: kile chumba cha baba amekifagia. Akageukia ukutani. Sikukaa kuona kilichofuata, hiyo ilikuwa ya Kabula.

Baadaye alipelekwa Mwanza kwa rufaa, wakautoa mfuko wa uzazi pamoja na mlango wake, na njia ikafungwa. Ndivyo alivyotaka. Alipona vizuri, akarudi kwenye mashine zake. Sindano pia zikapatikana kupitia daktari wa huko.

Sasa mngefikiri kwamba baada ya yote hayo angesema, Mama Getruda, nipeleke Nassa kwa mama. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo. Nilikuwa nimeshapiga pasi gauni. Zuhura alirudi kutoka Tanga, amefiwa na mama yake, amepungua, na juma lile lile Shija akaja kumwomba yeye amsindikize. Alisema mama yake akilia, afadhali anayemwona awe mgeni, ili asimwonee aibu. Akaniomba mimi nimshikie Zuhura zamu.

Nikamshikia. Niliona wagonjwa wote wa siku ile, wake na wangu, na huko Nassa yakatokea yale niliyoyangoja kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote isipokuwa wao wawili. Nilisimuliwa. Zuhura alinieleza jioni, akiwa bado na vumbi la Nassa kwenye viatu. Alisema Mama Kulwa alikuwa anaanika mpunga. Akasimama akamtazama yule mwanaume mwenye ndevu mpaka jua likamwingia machoni. Hakulia. Akamfuta vumbi begani, akamwuliza kama amekula, akamwita ngosha, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume waliokua. Kisha akampa Kabula kuku amchinje. Zuhura alilia badala yao wote, ndivyo alivyosema, na nikaona kwamba alikuwa akimlilia pia mama yake. Nikamshika mkono. Na hata nikiwa nimemshika mkono nilikuwa nafikiri: ulikuwepo.

Mama Kulwa alinipigia siku iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa kwa shukrani, nisiwadanganye.

"Ulikuwa unajua ulipokuwa unanipa chai," akasema.

Nikakiri kwamba nilikuwa najua.

Akaendelea, "Ulimwona kabla yangu siku aliyozaliwa. Na sasa tena umemwona kabla yangu."

Nilitaka kumwambia kwamba nilimwona lakini hakunitaka. Nikaona haitamsaidia. Nilijua kitu kilichokuwa kwenye sauti yake, nilikuwa nimekaa nacho nyumba moja muda mrefu. Ilimchukua msimu mzima wa mvua ndipo akapita tena kwangu, na alipopita hakutaka chai, alitaka maji tu. Chai aliinywa mara iliyofuata.

Kabla tu sijastaafu, Kabula alikuja kliniki, safari hii mgonjwa ni yeye. Alikuja kwa uchunguzi wa kawaida wa mlango wa kizazi, siki na taa. Shija alikuwa getini kwenye pikipiki, anajifanya anaongea na simu kama waume wengine. Tulikuwa wawili chumbani, mimi na Zuhura, sote hatuna kazi. Zuhura akamwuliza angependa aonwe na nani. Kabula akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Sista Getruda."

Nikavaa glovu. Nikamtazama Zuhura nione kama limemchoma. Alikuwa anakunja mashuka, anatabasamu, tayari anauliza maji ya uvuguvugu niletewe au bado. Halikumchoma hata kidogo. Na hilo ndilo lililonichoma mimi.